Mume wangu ana mikorosho elfu saba, sasa anataka sitini ya mjane

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 38, naishi wilaya ya Tandahimba. Nimesita sana kukuandikia, maana jambo lenyewe mtu akilisikia juujuu atasema huyu mwanamke hana shukrani. Mume wangu hanipigi, hanywi, wala hana nyumba ndogo ninayoijua. Kinachonikosesha usingizi ni mali yake.

Tulioana 2008 akiwa na baiskeli na mashine moja ya kupulizia salfa, ile dawa ya mikorosho. Alikuwa akizunguka kwenye mashamba ya watu kupulizia kwa ujira. Wakati wa kifuku, yaani msimu wa mvua, watu wanapoishiwa, akaanza kukopesha: leo mfuko wa salfa, kesho debe la mahindi, keshokutwa hela ya matibabu. Malipo ni korosho msimu ukifika, kwa bei aliyopanga yeye. Ndiyo hiyo kangomba. Baadaye akaingia kwenye rehani. Mtu anaweka mikorosho yake, mume wangu anavuna mpaka siku mwenyewe atakapolirudisha deni lote kwa mkupuo. Sasa Mjomba, mtu anayevuniwa mikorosho yake atazitoa wapi hela za mkupuo? Wengi huishia kuuza kabisa.

Leo tuna mikorosho zaidi ya elfu saba, nyumba kumi na moja za kupangisha Mtwara mjini na Dar es Salaam, gesti mbili na Fuso tatu. Mimi niliishia kidato cha nne na mwandiko wangu ni mzuri, kwa hiyo daftari la madeni naandika mimi tangu mwanzo.

Mwaka juzi jirani yetu mmoja, mjane, aliweka rehani mikorosho sitini kwa shilingi 450,000 ili mwanawe apate vifaa na nauli ya kwenda kidato cha tano. Imepita misimu miwili. Nimepiga hesabu usiku peke yangu: tumevuna kwake zaidi ya kilo 1,100, na baada ya makato yote zimetuingizia zaidi ya milioni mbili na nusu. Kwenye daftari deni lake liko palepale, 450,000. Msimu uliopita akaja kuomba kibarua kwetu. Akaokota korosho chini ya mikorosho iliyopandwa na marehemu mumewe, tukamlipa kwa ndoo. Nilipoandika jina lake kwenye orodha ya vibarua mkono ulinitetemeka. Sasa mume wangu anataka kulinunua moja kwa moja lile shamba, kwa kuwa limekaa katikati ya mashamba yake mawili.

Nilimwuliza, “Baba Zai, hivi haijatosha?” Akanijibu, “Mali yangu sikuiba. Wao walipolala mimi nilikuwa macho. Na nikiacha mimi atachukua mwingine.” Mdogo wake aliyefika chuo akanicheka: “Shemeji, mbona Dangote hamumwambii imetosha?” Mawifi wanasema namkatia kaka yao riziki. Mitaani wananong’ona kuwa ana mandondocha wanaomlimia usiku. Na sasa anajiandaa kugombea uenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, wakati nusu ya wanachama wamo kwenye daftari langu.

Mjomba, kweli kuna kiasi ambacho mtu akikifikia anatakiwa asimame? Au huu ni wivu wangu tu? Nami nimeila mali hiyohiyo, wanangu wanasoma shule ya kulipia mjini. Na nikisema, nisemeje nyumba yangu isivunjike?

Mama Zai, Tandahimba

*

Marahaba mpwa wangu.

Wivu ni kumwonea mtu uchungu kwa kile usichokuwa nacho. Wewe unalala ndani ya hiyo mali, unaila, unaivaa, na bado inakusumbua. Hilo wivu sitaliita. Na swali lako la kwanza nalijibu hapa hapa mlangoni: ndiyo, kipo kiasi ambacho mtu akikifikia anapaswa kusimama, na jamii ina haki ya kumsimamisha asiposimama mwenyewe. Nimeamini hivyo tangu ujana wangu na uzee haujanibadilisha.

Tuanze na mandondocha, maana watu wengi wataliruka hilo. Siamini kwamba shambani kwa mumeo kuna maiti wanaolima usiku, na maneno hayo ni ya hatari. Tumeona wazee wakiumizwa kwa maneno kama hayo. Lakini sikiliza kile wanachojaribu kukisema. Huku kwetu kusini, mtu akitajirika kupita kipimo, watu hujiuliza: mikono miwili ya binadamu inawezaje kufanya kazi yote hii? Kisha hujijibu kwamba lazima kuna watu wanaomfanyia kazi bila kuonekana. Hapo wamekosea usiku tu. Wanaomfanyia kazi wapo, wanaonekana mchana kweupe, na majina yao unayo wewe. Yule mjane kuinama chini ya mikorosho ya marehemu mumewe, akaijaza ndoo kwa ajili ya nyumba yenu, hakulogwa na mtu. Alikopa 450,000.

Kwa hiyo hoja ya “sikuiba” tuipime kwa daftari lako mwenyewe. Mumeo alitoa 450,000. Amepokea zaidi ya 2,500,000. Toa gharama za salfa, palizi na vibarua, bado deni limelipwa mara kadhaa, na bado linadaiwa lote. Kama huyo mama angebaki na mikorosho yake misimu hiyo miwili, angelipa, angesomesha, na ingebaki. Kilichomshinda si uvivu wala kulala. Kilichomshinda ni kukosa laki nne na nusu katika mwezi ambao korosho bado ni maua, huku mwenye hela pale kijijini akiwa mtu mmoja tu. Aliyekuwa macho alipata bahati ya kuwa macho mahali ambapo wengine wote wana njaa.

Nasikia watu wakisema tajiri ametengeneza mali yake peke yake. Korosho za mumeo zinapita barabara iliyojengwa kwa kodi, zinaingia ghala kuu, zinapigwa mnada kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ambao wakulima wa huku wamekuwa nao tangu msimu wa 2007/2008, na ulianzishwa hasa ili mkulima asinyonywe kwa kopo la kangomba. Yeye ananunua kwa kangomba kisha anauza kwa mnada. Faida yake yote imekaa katikati ya bei hizo mbili, na bei ya juu hakuitengeneza yeye. Nawe unajua, kama kila mtu wa huku anavyojua, kwamba kangomba imepigwa marufuku. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilibidi mashamba yahakikiwe, na wenye korosho bila mashamba walikwama. Sipendi kila kilichofanyika msimu ule, wakulima halali wengi walisubiri malipo kwa muda mrefu na waliteseka. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa la haki: hizi korosho zimetoka kwenye jasho la nani?

Shemeji yako amemtaja Dangote. Hoja yake ni nzito kuliko anavyodhani, basi tusimpuuze. Kiwanda cha saruji cha hapa Mtwara kilizinduliwa 2015 na mimi nimejengea saruji yake. Hakuna anayetaka kukibomoa. Lakini kiwanda ni kitu kimoja na mfuko wa mtu mmoja ni kitu kingine. Chokaa iko ardhini kwetu, mikono ni ya vijana, tanuru linawaka vilevile iwe mwenye hisa ni mmoja au ni watu elfu kumi. Tunapozungumzia ukomo wa mali tunauliza ni kiasi gani cha hayo yote kiwe chini ya amri ya kichwa kimoja.

Na tujue ukubwa wa kitu tunachokisema, maana neno “bilioni” limezoeleka hadi limepoteza uzito. Chukua mtu anayeweka akiba shilingi milioni moja kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, bila kula hata senti. Bilioni moja ya shilingi ataifikia kwa siku elfu moja, hata miaka mitatu haifiki. Bilioni moja ya dola, kwa kukadiria dola kwa shilingi 2,500, ataifikia baada ya miaka zaidi ya 6,800. Angekuwa ameanza kabla mapiramidi ya Misri hayajajengwa. Desemba 2024 utajiri wa Elon Musk ulihesabiwa kuvuka dola bilioni 400. Hakuna bidii ya binadamu inayofika huko. Kinachofika huko ni hisa, urithi, ukiritimba, na sheria zilizoandikwa kwa kuwaangalia wenye navyo.

Wala si wazo la kijamaa tu. Mwaka 1942, katikati ya vita, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliliambia Bunge lao kwamba raia yeyote asibakiwe na zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka baada ya kodi. Bunge lilikataa ukomo huo, lakini kufikia 1944 kipande cha juu kabisa cha kipato kilitozwa asilimia 94, na katika miaka ya hamsini kilikuwa bado asilimia 91. Wafanyabiashara wao hawakulala wala viwanda havikufungwa. Hapa kwetu ngazi ya kodi ya mshahara inaishia asilimia 30, na kidaraja hicho cha mwisho kinaanza kwenye shilingi milioni moja kwa mwezi. Mwalimu mkuu anayepata milioni moja na laki mbili na mkurugenzi wa milioni arobaini wanasimama kwenye kidaraja kilekile cha juu. Naona ngazi hiyo ni fupi mno, na nchi ingefaa kuirefusha kule juu, tena iguse na mali kubwa inayorithiwa, ambayo mtoto hakuitolea jasho hata tone.

Ila nisikudanganye kwamba ukomo hauwezi kufanywa vibaya. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hapo kulikuwa na ukomo kabisa, wenye namba yake. Uliwaumiza watu waliojenga nyumba moja kwa akiba ya maisha yao, wengi wao Wahindi, na familia nyingi zikahama nchi. Nilijifunza kwamba ukiweka ukomo chini mno na kwa pupa, unamkamata mwenye duka huku mwenye nguvu halisi akipenya.

Lililonikaa moyoni zaidi ni la 1967. Nilikuwa darasa la sita Mikindani Azimio la Arusha lilipotangazwa, tukatembea kwa miguu kuliunga mkono bila kulielewa lote. Nililielewa baadaye. Masharti yake ya uongozi yalisema kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Soma tena hilo la mwisho ukiwa umekaa kwenye nyumba kumi na moja. Anayetaka mali na akaitafute, ila asikamate na usukani. Mwaka 1991 kule Zanzibar masharti hayo yalilegezwa, na mimi ni miongoni mwa waliosikitika, na bado nasikitika.

Ndiyo maana katika barua yako yote, lililonishtua kuliko mikorosho elfu saba ni uenyekiti wa chama cha msingi. Mkutano mkuu wa chama cha msingi ndipo mahali pekee ambapo yule mjane mwenye mikorosho sitini na mumeo mwenye elfu saba wana kura moja kila mmoja. Nusu ya watakaonyoosha mikono wanadaiwa na mgombea. Nani atanyoosha mkono kumkataa mtu anayeshika shamba lake? Na akishakaa kwenye kiti, nani atasimamia mizani isicheze, nani atapiga vita kangomba? Mumeo ukimpima na matajiri wa dunia ni mtu mdogo sana. Pale kijijini kwenu ameshavuka mstari, kwa sababu fedha anayoiongeza sasa haimwongezei chakula, usingizi wala miaka. Inamwongezea watu wa kuwaamuru.

Sasa namna ya kusema naye.

Usimwambie habari za Roosevelt. Wala usiliseme mbele ya mawifi. Ngoja siku ametulia, mkiwa wawili, umkalishe na daftari. Daftari hilo ndilo wakili wako. Yeye ni mtu wa hesabu na atakusikia kwa hesabu. Mfungulie ukurasa wa mjane, umsomee kilichotoka na kilichoingia, kisha unyamaze. Akimaliza kujitetea, mwulize swali moja: “Baba Zai, kiasi gani kitatosha?” Mwombe aitaje namba. Mhesabu pamoja: ada za watoto mpaka chuo, matibabu, uzee wenu, mtaji wa kuendesha mashamba, hata tahadhari ya msimu mbaya na bei ikianguka. Weka kwa ukarimu. Nina hakika mtaikuta namba hiyo imepitwa zamani, na mtu akiiona kwa mwandiko wa mkewe ni vigumu kuikana.

Kama mnaswali, na kwa sehemu zenu naamini mnaswali, mwambie mwende wote kwa sheikh mnayemheshimu, mkamwulize hukumu ya mkopeshaji kula mazao ya rehani. Masheikh wengi watamwambia hiyo ni riba bila kupepesa. Watamkumbusha aya ya 280 ya Suratul Baqara, kwamba mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora. Na aya ya 7 ya Suratul Hashr imeeleza kwa nini mali igawanywe: isiwe inazunguka baina ya matajiri peke yao. Asidhani zaka ya asilimia mbili na nusu itamsafishia. Zaka hutolewa katika mali ya halali.

Akiwa mzito, yupo mjomba wake. Kwetu sisi kaka wa mama ndiye mwenye kauli, na mtoto wa watu anaweza kumpuuza mkewe lakini si mjomba wake mbele ya wazee. Mpelekee huyo mzee habari mapema, kwa adabu, kama mtu anayeomba msaada wa nyumba yake.

Omba mambo matatu na usiombe zaidi kwa mara ya kwanza. Shamba la mjane lirudi bila kulipwa senti, kwa sababu limeshalipwa. Kila rehani ambayo mavuno yake yameshapita deni ifungwe. Na achague kati ya daftari na kiti: akitaka uenyekiti, madeni ya wanachama yafutwe au yalipwe kwanza. Hoja yake ya “nikiacha atachukua mwingine” inajibika hapo hapo. Mtu mwenye Fuso tatu anaweza kukopesha salfa kwa bei ya dukani ilipwe baada ya mnada, na bado akapata faida ndogo ya halali. Hapo huyo mwingine atakosa wateja.

Kuhusu wewe kuila mali hiyo, sitakupaka asali. Umeshiriki. Usiwatoe watoto shule kwa ajili hiyo, hawana kosa. Lakini mwandiko ni wako. Kuanzia leo unaweza kumwambia mumeo, kwa upole na bila kupandisha sauti, kwamba hesabu zote za nyumba na mashamba utaandika, ila rehani mpya hutaiandika tena. Na ujue haki yako wakikutisha kwamba huna sauti katika mali: Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua mali iliyochumwa kwa jasho la pamoja, na Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wewe umefanya hizo na umeshika vitabu miaka yote. Sikuambii hivyo ili ukadai talaka. Nakuambia ili ukikaa naye usikae kama mgeni.

Wahi kabla ya mwezi wa sita. Upuliziaji ukianza tu, atakayeweka salfa kwenye ile mikorosho sitini atasema mavuno ya Oktoba ni yake, na mtakuwa mmemsogeza yule mama msimu mwingine mzima.

Niandikie tena ukishazungumza naye, hata kama amekasirika.

Mjomba wako, Mikindani